Sema Mapema: Namna ya Kutumia Mazungumzo Kujikinga na Uchovu wa Kazi

Mwongozo huu ni wa yule ambaye akipewa kazi anajibu "sawa", akiongezewa nyingine anajibu "haina shida", akiulizwa hali anasema "niko poa", na usiku analala akihesabu viporo. Ni wa wale wanaokufa na tai shingoni.

Uchovu tunaouzungumzia hapa si ule wa wiki moja ngumu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lakini likaeleza wazi kwamba wenyewe si ugonjwa: ni hali inayotokana na msongo sugu wa kazini ambao haukudhibitiwa. Alama zake ni tatu. Nguvu zinaisha. Moyo unajitenga na kazi, mtu anaanza kuikejeli na kuwaona wateja kama usumbufu. Tena anajiona hafai, kila anachofanya hakitoshi. Anayeangalia alama ya kwanza peke yake hudhani dawa ni usingizi. Lakini ukirudi kutoka likizo, na ikifika saa 5 asubuhi ya siku ya kwanza uko palepale ulipokuwa, ujue usingizi haukuwa tatizo.

Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliandika kuhusu hali hii mwaka 1974 baada ya kuwaona watu waliojitolea katika kliniki ya huduma za bure wakiishiwa mmoja baada ya mwingine. Alichokiona ni kwamba wanaoanguka si wavivu. Ni wale wenye moyo zaidi wa kazi. Na hao ndio wagumu kuliko wote kusema "nimezidiwa", kwa sababu kwao kusema hivyo ni kukiri kushindwa.

Mzigo wa kazi haupungui kwa sababu umechoka. Unapungua pale mwenye mamlaka juu yake anapoamua kuupunguza, na hawezi kuamua juu ya jambo ambalo halijafika mezani kwake. Kazi ya mazungumzo ni kulifikisha. Hayafanyi zaidi ya hapo, na mwishoni nitaeleza pale yanapogonga mwamba.

Hatua ya 1: Jua kinachokumaliza kabla hujafungua mdomo

Karibu kila mtu husema "kazi ni nyingi". Mara nyingi si hilo, au si hilo peke yake. Christina Maslach na Michael Leiter, watafiti wawili ambao wamelichunguza suala hili kwa miaka mingi, walitaja maeneo sita ambako mtu na kazi yake huweza kutofautiana: wingi wa kazi, uhuru wa kuamua unavyoifanya, kutambuliwa na kulipwa, mahusiano na wenzako, haki, na maadili, yaani kama unachofanya kinapatana na unachokiamini.

Kwa wiki moja, kila jioni kabla hujaondoka, andika mistari miwili mitatu: leo nini kimenimaliza? Usiandike hisia tupu. Andika tukio. "Nimeandika barua ileile mara nne kwa sababu kila mkuu ana maoni yake." "Zamu za usiku zimepangwa upya bila kuulizwa." "Nimemwambia mteja bidhaa ipo huku najua haipo."

Mwisho wa wiki soma ulichoandika. Yule wa barua ya mara nne hana kazi nyingi. Hana uhuru, na wakubwa wake hawajakubaliana. Akienda kuomba apunguziwe kazi atapunguziwa, kisha ataendelea kuchoka vilevile. Anachotakiwa kuomba ni mtu mmoja tu wa kuidhinisha. Yule wa zamu anadai haki na utaratibu. Yule wa mteja ana tatizo la maadili, ambalo ndilo gumu kuliko yote, kwa maana likizo haiwezi kumsahaulisha kwamba anadanganya watu kila siku.

Hatua ya 2: Geuza lalamiko liwe ombi

Hapa ndipo wengi hukwama. Lalamiko humwacha msikilizaji na mambo mawili tu ya kufanya: kukuhurumia au kujitetea. Ombi humlazimisha ajibu.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Marshall Rosenberg, alifundisha mpangilio rahisi wenye sehemu nne: kilichotokea, unavyojisikia, unachohitaji, na unachoomba. Kazini mimi ningeongeza athari kwa kazi yenyewe, kwa sababu kuna wakubwa ambao hisia zako haziwagusi lakini hasara inawagusa. Si jambo la kupendeza, ila ndivyo lilivyo.

Chukua sentensi hii: "Siku hizi nafanyishwa kazi kama punda, hakuna anayejali." Inawezekana kila neno ni kweli. Lakini bosi atafanya nini nayo? Sasa itazame ikiwa imepangwa:

"Tangu mwenzangu ahamishwe nimekuwa nikishughulikia wateja wa madawati mawili. Naondoka saa 2 usiku siku nyingi, na wiki iliyopita nilikosea ankara mbili kwa sababu ya haraka. Nimechoka, na naogopa kosa kubwa zaidi litatokea. Naomba dawati la pili lipangiwe mtu kuanzia wiki ijayo, au lifungwe mchana."

Ina muda, ina idadi, ina athari, tena ina machaguo mawili. Haina "siku zote", haina "kamwe", haina "hamjali". Maneno hayo yatoe hata kama yanakuwasha ulimi, maana ukisema "siku zote" mwenzako atatafuta siku moja isiyo hivyo, na mjadala utahamia huko.

Kipimo cha ombi zuri ni hiki: je, linaweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana? "Naomba mnielewe" halijibiki. "Naomba kikao cha Jumatatu kiwe cha nusu saa" linajibika.

Hatua ya 3: Chagua mtu, mahali na saa

Usiseme kwenye korido. Usiseme mbele ya watu, na usiseme kwenye kundi la WhatsApp la ofisi; huko hata ombi la haki husomwa kama uasi. Usiseme siku uliyokasirika. Nenda kwa mwenye uwezo wa kubadilisha jambo lenyewe, maana kumlilia mwenzako asiye na mamlaka kunapunguza machungu bila kupunguza mzigo.

Tuma ujumbe mfupi siku moja au mbili kabla: "Bosi, naomba dakika 20 kesho au keshokutwa tuangalie mpangilio wa kazi zangu za mwezi huu. Nitakuja na orodha." Kwa ujumbe huo anajua mada, anajua ni muda gani, na hatashtuka. Neno "orodha" lina kazi yake pia: linamwambia kwamba hujaja kulia.

Hatua ya 4: Mazungumzo yenyewe

Tuseme umeingia na karatasi yako. Mara nyingi huenda hivi:

"Bosi, asante kwa muda wako. Hizi ndizo kazi nilizonazo sasa, ziko saba. Nikizilazimisha zote wiki hii, mbili zitatoka vibaya, na sitaki uje kulijua hilo Ijumaa."

"Lakini wewe ndiye ninayekutegemea. Halafu kila mtu hapa ana kazi nyingi."

"Ni kweli, sote tumebanwa. Ndiyo maana nataka upange wewe badala ya mimi kubahatisha. Kati ya hizi saba, zipi mbili zinaweza kusubiri wiki ijayo?"

"Hakuna ya kusubiri."

"Sawa. Basi nahitaji mtu wa kuingiza takwimu kwa siku mbili, au ripoti ya mwezi itoke bila jedwali la matawi. Kipi ni nafuu kwako?"

Hapo bosi atanyamaza. Usiujaze ukimya huo. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu mtu aliyezoea kusema "sawa" hawezi kuvumilia ukimya. Ataukata mwenyewe kwa "basi usijali, nitajitahidi", na kila alichokijenga kitabomoka. Funga mdomo. Angalia karatasi.

"Haya, ripoti itoke bila hilo jedwali. Nitaongea nao makao makuu."

Tazama kilichofanyika. Bosi aliposema kila mtu ana kazi nyingi, mfanyakazi hakubishana naye kuhusu nani amechoka zaidi. Alikubali, akarudi kwenye orodha. Alipoambiwa hakuna ya kusubiri hakuvunjika moyo. Alikuwa ameandaa chaguo la pili. Na muda wote uamuzi ulibaki kwa bosi, pamoja na gharama yake.

Usifikiri kila bosi atalainika kwa dakika tano. Wako watakaosema "nitafikiria". Hilo nalo ni jibu, mradi ulifunge kwa tarehe: "Sawa bosi, nikuulize Alhamisi?"

Kabla siku haijaisha, andika: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Nilivyoelewa, ripoti itatoka Ijumaa bila jedwali la matawi, na jedwali litafuata Jumatano ijayo. Kama nimekosea naomba unirekebishe." Kumbukumbu za wakubwa ni fupi, nao pia wamechoka. Ujumbe huo ndio utakaokulinda Ijumaa mtu wa makao makuu atakapouliza jedwali liko wapi.

Hatua ya 5: Jifunze kukataa, na kukubali kwa masharti

"Hapana" tupu mara nyingi haihitajiki. Kinachohitajika kwanza ni muda. Ukiombwa jambo papo hapo, jibu: "Nipe hadi saa 8 mchana niangalie ratiba, nitakujibu." Sentensi hiyo peke yake inazuia nusu ya ahadi za haraka ambazo huja kujutiwa.

Kisha kuna kukubali kwa kubadilishana: "Naweza kuifanya leo, ila ile ya asubuhi itasogea hadi kesho. Niendelee?" Kuna kukubali sehemu: "Siwezi kuandaa wasilisho lote, lakini naweza kuusoma mswada wako." Na kuna kukataa kabisa, ambako kunafaa kuwe kufupi: "Asante kwa kunifikiria, lakini safari hii sitaweza." Ukianza kurundika sababu, kila sababu inakuwa mlango wa mwenzako kuingilia. Mama anaumwa? Basi dada yako si yupo? Gari bovu? Nitakupitia.

Hatua ya 6: Wekeni makubaliano juu ya simu na ujumbe

Ujumbe wa saa 4 usiku hauchoshi kwa sababu ni mrefu. Unachosha kwa sababu hujui kama unatakiwa kuujibu. Ubongo unabaki zamu.

Ufaransa ililiingiza suala hili katika sheria: kuanzia Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutoshikwa na mawasiliano ya kazi nje ya saa za kazi. Kwa wengi wetu sheria kama hiyo haipo, lakini makubaliano ya timu yanawezekana bila bunge. Pendekezeni kanuni moja rahisi: dharura ni simu ya kupigwa, kila kilichoandikwa kinasubiri asubuhi. Mkiielewa nyote, aliyetuma usiku hana kosa, na aliyenyamaza hana kosa.

Saa za kazi si suala la starehe. WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa makadirio mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kiharusi kwa takriban asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Takwimu hiyo ina uzito wake kikaoni.

Jambo dogo kwa anayependa kuandika usiku: programu nyingi za barua pepe zina sehemu ya kupanga saa ya kutuma. Andika usiku, itoke asubuhi.

Hatua ya 7: Kabidhi kazi, usiondoke nayo kichwani

Wauguzi na madaktari katika hospitali nyingi hukabidhiana wagonjwa kwa mpangilio wa mambo manne, ulioanzia kwenye manowari za jeshi la majini la Marekani: hali ilivyo sasa, historia yake, tathmini yako, na unachopendekeza kifanyike. Hata mhasibu anaweza kuutumia. Kabla ya likizo, kwa kila kazi iliyobaki, andika mistari minne ya aina hiyo na umtaje anayeipokea kwa jina. "Ipo kwenye faili" si makabidhiano. Anayekabidhi vizuri hapigiwi simu akiwa msibani.

Hatua ya 8: Kama kazi yako ni watu

Mwalimu, muuguzi, mpokea wageni, mtu wa huduma kwa wateja: hawa wana mzigo usioonekana kwenye orodha. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliuelezea miaka ya 1980, yaani kazi ya kuvaa uso unaotakiwa. Kutabasamu unapotukanwa ni kazi, na inachosha kama kubeba magunia.

Andaa maneno mapema, ili unaposhambuliwa usitumie nguvu kuyatafuta. Kwa mteja mwenye hasira: "Naona hili limekusumbua sana. Nieleze lilivyoanza, nitaandika." Kuandika kunampunguzia kasi, na kunakupa wewe pa kutazama. Akivuka mpaka: "Nataka kukusaidia, lakini siwezi tukiendelea kwa matusi. Tuendelee, au nimwite msimamizi?" Mkubaliane na msimamizi kabla kwamba ukimwita anakuja, na hatakugeuka mbele ya mteja. Bila hilo, sentensi hiyo ni tishio tupu.

Baada ya tukio baya, dakika kumi na mwenzako zinasaidia kuliko kulimeza. Ila tofautisha mazungumzo hayo na kile kijiwe cha chai ambako wimbo ni uleule kila siku: bosi mbaya, mshahara mdogo, hapa tunapoteza muda. Vijiwe hivyo vina raha yake, sivipingi, lakini mkitoka mmechoka kuliko mlivyoingia ujue mnalishana uchovu. Jaribu kumaliza kwa swali moja: "Kwa hiyo kesho tunafanyaje?"

Ukiwa wewe ndiye bosi

Usiulize "uko sawa?" Jibu la swali hilo lilishaandikwa tangu zamani. Uliza: "Wiki hii tukuondolee nini?" au "Kipi kinakuchukulia muda kuliko inavyostahili?" Kisha ondoa kitu kweli, hata kidogo. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani anayechunguza timu za kazi, katika utafiti wake wa mwaka 1999, alionyesha kwamba watu hujifunza na kukiri makosa pale wanapoamini hawataaibishwa kwa kusema. Imani hiyo haijengwi na tangazo ukutani. Inajengwa na kilichompata mtu wa kwanza aliyethubutu kusema, kwa sababu wengine wote wanamtazama.

Kuhusu siku za michezo, semina za kupunguza msongo na vikapu vya matunda, sina ugomvi navyo. Lakini ukileta mwalimu wa yoga kwa watu ambao ombi lao la msaidizi limekaa mezani kwako miezi sita, watakusoma vizuri tu.

Pale maneno yanapogonga mwamba

Ukisema kwa utaratibu, kwa maandishi, mara mbili au tatu, na hakuna kinachobadilika, tatizo halipo tena kwenye namna yako ya kuongea. Usijilaumu na usitafute maneno matamu zaidi. Chukua kumbukumbu zako upeleke ngazi ya juu, ofisi ya utumishi, au chama cha wafanyakazi kama kipo. Na anza kimya kimya kuangalia nafasi kwingine. Kuondoka nako ni uamuzi halali.

Yapo pia mambo ambayo si ya bosi kabisa. Usingizi ukikosekana kwa wiki kadhaa, usipofurahia hata vitu visivyohusu kazi, ukianza kutegemea pombe ili ulale, nenda kwa daktari, kwa kuwa sonona hufanana na uchovu wa kazi lakini matibabu yake ni mengine. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru usisubiri miadi: mwambie mtu sasa hivi, akupeleke hospitali.

Na ukifika kwa daktari, ile tabia ya "niko poa" iache nje ya mlango. Usiseme "nimechoka tu". Mpe maelezo kama uliyompa bosi: ilianza lini, unalala saa ngapi, kipi ulikuwa ukifanya mwezi uliopita na sasa huwezi, na kwamba ulipumzika lakini hali ikabaki vilevile. Muulize pia kama anaweza kuandika pendekezo la kupunguziwa saa au zamu. Barua hiyo ikifika kazini, mwajiri atakuwa na karatasi ya kujibu.